Buibui Mgonjwa Humwita Daktari Gani?

Katika Kiswahili kuna neno moja lililotwikwa mzigo mzito kuliko mabega yake. Neno lenyewe ni "mdudu". Nzi ni mdudu, nyuki ni mdudu, nge na tandu ni wadudu, na vimelea vya maradhi, katika vitabu vya afya tulivyosomeshwa utotoni, navyo vilikuwa wadudu vivyo hivyo. Hata uvimbe wa usaha unaoota kwenye ncha ya kidole na kumkosesha mtu usingizi huitwa mdudu. Mwanafunzi wa sayansi atatuambia, na atakuwa amesema kweli, kwamba buibui mwenye miguu minane hafai kutiwa kapu moja na nzi mwenye miguu sita. Lakini mazungumzo ya kila siku hayahesabu miguu. Kiumbe akishaitwa mdudu, hukumu yake imekwisha kutolewa: ni kukanyagwa, kuchomwa au kupuliziwa dawa. Kitenzi "kuuguza" hakimfikii. Tunamuuguza mtu, tunamtibu ng'ombe, na siku hizi mijini watu huwapeleka mbwa na paka kwa daktari. Lakini ni nani aliyepata kusikia mtu akisema kwamba anamuuguza mdudu?

Nimelazimika kulitafakari jambo hili kwa sababu ya mpwa wangu, msichana wa kidato cha tatu katika shule moja ya upili huko Migori, alikoolewa dada yangu. Chama cha sayansi cha shule yao kilimpata buibui mkubwa mwenye manyoya, upana wake kama kiganja cha mtoto, wakati vibarua walipokuwa wakichimba msingi wa darasa jipya. Wanafunzi walimwokoa kutoka kwenye ncha ya jembe, wakamtia katika tangi la kioo lililokuwa la samaki, wakamwekea udongo wa kutosha kuchimba shimo, maji katika kifuniko cha chupa, na kila wiki nyenje mmoja au wawili wa kumla. Aliishi humo miezi kadhaa, na watoto wa vidato vya chini wakawa wanapanga foleni kumtazama. Kisha jioni moja simu yangu ikalia.

"Mjomba, si wewe ni daktari? Buibui yetu imelala chali tangu asubuhi, miguu juu. Mwalimu anasema imekufa. Bawabu anataka kuitupa chooni."

Naam, mimi ni daktari. Nilipewa shahada ya uzamifu kwa kuandika juu ya viambishi vya vitenzi, na tangu siku hiyo watu wa nyumbani hunionyesha vidonda na kuniuliza juu ya shinikizo la damu. Lugha yetu imempa jina moja mwenye kutibu watu, mwenye kutibu mifugo, na mwenye kuandika tasnifu isiyotibu chochote. Hata hivyo sikuwa nimepata kuitwa kwa ajili ya mgonjwa wa miguu minane.

Msomaji mwalimu wa Kiswahili atakuwa amekwisha kuichukua kalamu nyekundu. "Buibui imelala" si sanifu. Buibui, kwa sarufi tunayoifundisha, yumo katika ngeli ya A-WA, pamoja na mtu, mgonjwa na daktari: buibui amelala, mgonjwa amelala. Likiwa ni lile vazi jeusi la kina mama wa pwani, hapo tutasema "buibui limechanika". Lakini Dholuo, lugha ya mama ya msichana huyu, haina ngeli, na Kiswahili cha mitaani nchini Kenya kimekwisha kuwahamisha wanyama wote kwenye "i" bila kuwaomba ruhusa. Sikumsahihisha, haikuwa saa ya sarufi. Nilitambua tu kwamba sarufi sanifu ilikuwa na huruma kuliko sisi tunaoitumia, kwa kuwa ilikwisha kumhesabu kiumbe yule miongoni mwa wale wanaoweza kuugua.

Nikampigia mwenzangu wa idara ya zuolojia. Hakuuliza buibui anakula nini wala ana umri gani. Aliuliza jambo moja: "Miguu yake imekaaje?"

Hapa nawaomba wasomaji tuvumiliane kidogo, kwa maana hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa sayansi alichukue. Sisi binadamu tukimwona kiumbe amelala chali miguu juu, tunasema amekufa. Tukimwona amekaa wima, tunasema mzima. Kwa buibui wakubwa wa aina hii mambo ni kinyume chake. Buibui hana mifupa ndani ya mwili. Ana gamba gumu kwa nje, na gamba hilo halikui. Ili akue, sharti alivue. Siku au wiki kadhaa kabla ya kulivua hukataa chakula, huwa mzito wa mwendo, na mara nyingine huziba mlango wa shimo lake kwa utando. Siku ikiwadia hujilaza chali juu ya kitandiko cha utando, miguu ameitandaza, na kwa muda wa saa nyingi hulitoka gamba la kale kama mtu anayevua soksi minane kwa pamoja. Akimaliza ni laini mwili mzima, hata meno yake ni meupe na hayawezi kutoboa kitu. Anayemgusa saa hiyo humvunja. Nyenje aliyesahauliwa tangini anaweza kumtafuna yeye aliyewekewa amtafune.

Mgonjwa wa kweli hukaa wima, lakini miguu yake imejikunja chini ya kifua kama ngumi. Sababu yake inafaa kufundishwa darasani. Katika viungo vikubwa vya mguu wa buibui mna misuli ya kukunja, lakini hamna misuli ya kunyoosha. Mguu hunyooka kwa kusukumwa na umajimaji wa mwili, kama vile mpira wa kumwagilia bustani unavyokakamaa maji yanapofunguliwa. Umajimaji ukipungua, kwa kiu au kwa jeraha, msukumo hupungua, na miguu hujikunja yenyewe. Kwa hiyo yule aliyelala kama maiti anazaliwa upya, na yule aliyekaa kitako kimya ndiye anayetutoka.

"Miguu imetandazwa," msichana aliniambia. "Basi msimguse," nikajibu, kwa sauti ya daktari.

Lakini bawabu alikuwa amekwisha kuja na koleo. Ni mzee wa Kikuria, mtu wa makamo ya babu, asiyependa kuona kitu kilichokufa karibu na chakula cha watoto, na katika hilo hana lawama. Wanachama wa chama cha sayansi walimzunguka wakamweleza. Walimweleza kwa istilahi za Kiingereza walizozikariri kitabuni, kwa sababu hizo ndizo walizokuwa nazo. Mzee aliwasikiliza, akawaambia kwamba hata kwa Kiingereza kilichokufa kimekufa. Ndipo mpwa wangu alipokumbuka neno nililolitamka kwenye simu: "Mzee, anajivua gamba. Kama nyoka."

Koleo likateremka. Mzee alisema kwamba nyoka anayejivua gamba hasumbuliwi, hilo anajua tangu alipokuwa akichunga ng'ombe. Kwa nini hawakusema hivyo tangu mwanzo? Akaenda akaleta kiti chake, akakiweka mbele ya mlango wa maabara, akawazuia watoto wote wasiingie mpaka asubuhi.

Walimu wenzangu, buibui yule hakuokolewa na dawa. Aliokolewa na maneno mawili ya Kiswahili ambayo yamekuwako siku zote, na ambayo hata wanasiasa wa Tanzania waliyaazima mwaka 2011 walipotaka kuonyesha kwamba chama chao kitajisafisha. Elimu ya kumwokoa ilikuwamo vichwani mwa wanafunzi sita, imefungiwa katika lugha ambayo mwenye koleo haielewi. Tunazo sababu zetu za kufundisha sayansi kwa Kiingereza, na sitazirudia hapa. Nimechoka na mjadala huo, nanyi pia. Nasema tu kwamba mtihani wa elimu haufanyiki mezani peke yake. Mara nyingine mtahini ni bawabu, na ameshika koleo. Na kama ni hivyo kwa buibui, hebu fikirini juu ya mama aliyebeba mtoto mwenye homa, anayeambiwa jina la ugonjwa kwa lugha asiyoijua.

Watu wengi humwita buibui wa namna hii "tarantula", nasi hatuna neno letu moja linalomtosha. Jina hilo nalo lina kisa. Limetokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia, ambako zamani wakulima waliamini kwamba aliyeumwa na buibui fulani hana budi kucheza ngoma kwa kasi mpaka sumu imtoke; ndiko ilikotoka ngoma iitwayo tarantella. Buibui wa Taranto wala si mkubwa hivyo. Mabaharia na walowezi wa Ulaya walipokutana na majitu ya Marekani wakayabandika jina walilolijua, na jina likahama likamsahau mwenyewe. Wale wa Afrika, Waingereza waliwaita buibui-nyani kwa kuwa mguu wao unafanana na kidole cha nyani. Mmoja wa wakubwa wao, Pelinobius muticus, aliyepewa jina hilo la kitaalamu mwaka 1885, huchimba shimo refu katika nyika za Kenya na Tanzania na hukaa humo miaka mingi. Buibui wa Afrika hawana zile nywele za kuwasha ambazo wenzao wa Marekani huzirusha kujikinga. Wao hutegemea meno, na kuumwa nao kunauma sana. Kwa hiyo tangi lifunikwe, na mtoto asimshike mkononi hata kama rafiki zake wanamchekesha kwa woga.

Kuna jambo la sheria pia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haiwalindi ndovu na simba peke yao. Mwezi Mei mwaka 2025 mahakama moja jijini Nairobi iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na chungu hai takriban 5,000 katika vijichupa. Shule inayotaka kumweka kiumbe wa porini na iulize kwanza katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori iliyo karibu. Hilo lenyewe ni somo zuri la uraia.

Ugonjwa wenyewe ulikuja baadaye. Likizo ilipokaribia, maabara ilipuliziwa dawa ya kuua mbu, na hakuna aliyekumbuka kulitoa tangi nje. Kesho yake buibui alikuwa akitetemeka, miguu ikienda huku na huku kama ya mlevi, na kufikia jioni ikaanza kujikunja. Dawa nyingi za mbu ni za ukoo wa pareto, lile ua ambalo Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa kulilima, na ambalo limelimwa hata katika vilima vya Kisii, mwendo mfupi tu kutoka Migori. Kazi yake ni kuvuruga neva za wadudu, na neva za buibui hazina kinga dhidi yake.

Safari hii msichana hakuniuliza kama mimi ni daktari. Aliuliza afanye nini. Mwenzangu wa zuolojia alitoa maagizo nami nikayapitisha. Mgonjwa ahamishiwe katika chombo safi kisichofikiwa na dawa, penye hewa na kivuli, juu ya udongo mpya. Sehemu ya mbele ya mwili ilazwe ukingoni mwa maji ya kina kifupi, maana mdomo uko chini upande wa mbele. Lakini tumbo lisizame, kwa kuwa mapafu yake manne, yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, yamefunguka upande wa chini wa tumbo. Asilishwe. Asigeuzwegeuzwe. Angalikuwa na jeraha linalovuja, damu yake, ambayo ina rangi ya samawati kwa sababu hutumia shaba badala ya chuma, ingezuiliwa kwa kunyunyiziwa wanga laini wa mahindi, ule wa kuukoleza mchuzi, si unga wa ugali. Angalikuwa amepoteza mguu, pasingalikuwa na haja ya hofu, kwani mguu huota tena atakapojivua magamba mengine. Lakini kwa sumu ya neva hakuna kinyume chake kilichothibitishwa kwa buibui. Hali ni hiyo hiyo kwa minyoo midogo inayomjia mdomoni na kuacha utelezi mweupe. Aina mojawapo ilitambuliwa rasmi na wanasayansi wa California mwaka 2022, wakaipa jina la Jeff Daniels, mwigizaji wa filamu ya mwaka 1990 kuhusu buibui. Jina limepatikana, tiba bado. Atengwe tu asiwaambukize wengine.

Msichana alimpelekea afisa mmoja wa mifugo habari hizi, akachekwa. Simlaumu sana afisa yule. Ana ng'ombe wa kuchanja. Lakini angeweza kucheka baada ya mtoto kuondoka.

Siku ya tatu buibui alinyoosha miguu miwili. Chama cha sayansi kikaandika katika daftari: saa nne, mguu wa pili kulia, saa saba, mguu wa tatu kulia. Siku ya tisa akafa. Daftari lile nimelisoma lote. Limeandikwa kwa Kiswahili, na kuanzia ukurasa wa pili "imelala" imekuwa "amelala".

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, kumlilia buibui wakati watoto wa watu wana njaa. Nawakumbusha habari za Omieri. Mwaka 1987 chatu mkubwa wa Nyakach, ambaye wenyeji walimheshimu na kumhusisha na mvua na mavuno mema, aliungua moto. Hakuachwa afe kichakani. Alisafirishwa hadi Nairobi, akatibiwa katika bustani ya nyoka ya Makavazi ya Kitaifa, na alipofariki palikuwa na majonzi ya kweli Nyanza nzima. Hakuna Mzungu aliyewafundisha watu wa ziwani kumuuguza chatu. Walikuwa wamempa jina, na aliyekwisha kupewa jina huulizwa hali. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini.

Nilipita huko mwezi uliofuata, nikiwa njiani kwenda kisiwa cha Mfangano kwa kazi yangu ya Olusuba, lugha ambayo nayo wasemaji wake wanazidi kupungua. Kutoka Migori unapanda hadi Rongo, unashika njia ya Homa Bay, kisha unalifuata ziwa mpaka Mbita. Hapo Mbita pana kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931, na ambaye kituo kile kinaitwa kwa jina lake. Ni mahali ambapo buibui wamefugwa, wakalishwa na kutunzwa kizazi baada ya kizazi, na sababu yake inapaswa kujulikana na kila mtoto wa Homa Bay.

Kuna buibui mdogo anayeruka, mdogo kuliko punje ya mahindi, aishiye kwenye mashina ya miti na kuta za nyumba kandokando ya Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda. Mwaka 2003 alielezwa rasmi kwa jina Evarcha culicivora, kutokana na buibui waliopatikana hapo hapo Mbita. Hapendi mbu yeyote tu. Mwaka 2005 Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walionyesha kwamba humchagua mbu jike aliyeshiba damu. Na majaribio mengine yalionyesha kwamba Anofelesi, mbeba malaria, ndiye anayependwa kuliko wote. Watoto wa buibui huyu humtambua Anofelesi kwa namna anavyotua, mkia juu kichwa chini, jambo ambalo wanafunzi wetu hulikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau baada yake. Yeye mwenyewe hamuumi mtu. Harufu ya mbono humvutia, na mwaka 2011 iliripotiwa kwamba huvutiwa pia na harufu ya soksi iliyovaliwa. Anatufuata sisi kwa sababu mbu wanatufuata.

Sisemi kwamba buibui huyu atamaliza malaria. Neti na dawa ukutani vibaki palepale. Nasema kwamba katika mojawapo ya sehemu za Kenya zinazoteswa zaidi na malaria, kiumbe huyu yuko ukutani mwa nyumba zetu, tunampiga kwa kandambili, na kamusi zetu hazina jina lake.

Basi nina ombi kwa walimu na wanafunzi wa Migori na Homa Bay. Waulizeni bibi na babu zenu wanamwitaje buibui mdogo arukaye ukutani, na wanamwitaje yule mkubwa wa shimoni, kwa Dholuo, kwa Olusuba, kwa Ekegusii na kwa Kikuria. Ulizeni pia wanasemaje kiumbe anapojivua gamba. Andikeni neno, kijiji lilikotoka, na umri wa aliyelitaja, kisha mnitumie kupitia kwa mhariri wa gazeti hili. Daftari la chama cha sayansi tayari lina majina matatu kutoka kwa mzee bawabu.